Samli Kwenye Saksafoni

Aibu hii ningeificha, lakini Mbeya nzima iliiona, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe.

Mnajua nilivyokuwa na wazimu wa saksafoni. Pale Iringa, dukani kwa Mzee Salum, muuza vitambaa mwenye gramafoni, nilikuwa nasimama mchana kutwa nikisikiliza santuri za bendi kubwa za Amerika (kitambaa sinunui, na mzee anajua), macho kwenye picha aliyobandika ukutani: safu nzima ya wapiga saksafoni, suti nyeupe, vyombo vinang'aa mpaka unatamani kujitazama. Bendi yetu ilikuwa na saksafoni moja tu, imefubaa, na mpigaji wake mgeni ni mimi. Kaka Kihwele, kiongozi wetu, alishaniambia tukishindwa kwenye mashindano ya Mbeya chombo anamrudishia mpigaji wa zamani.

Basi siku ya safari nikaona siendi ugenini na chombo kilichofubaa. Nikachukua samli ya mama, nikaiyeyusha, nikakipaka chombo chote, vitufe na springi zake, kikang'aa kama cha kwenye picha, kisha nikakifunga kwa khanga na kuikaza sawasawa, nikapanda nacho juu ya lori. Sasa baridi ya Juni kuanzia Makambako kwenda mbele mnaijua. Meno yanagongana, nadhani naumia peke yangu, kumbe na samli inaganda.

Ukumbini watu wamejaa, wenyeji wameshapiga na kushangiliwa. Nafungua khanga, nakuta vitufe vimelala vile vile ilivyovibana, vimegandia hapo hapo. Napuliza, inatoka sauti moja nzito, bwooo, ya ng'ombe anayemwita ndama. Watu wakaangua kicheko. Kaka Kihwele akaniinamia sikioni.

"Mdogo wangu, piga au shuka."

Ningeshuka, kweli, ila nikakumbuka santuri za Mzee Salum: wale mabingwa hawakimbizani na sauti nyingi kila wakati, mara nyingine safu nzima inang'ang'ania sauti moja, wanaikata, wanairudia, mpaka miguu yako inacheza bila ruhusa. Nikaanza: bwo, bwo-bwo, bwo. Mpiga ngoma akanielewa, gitaa likafuata, mama mmoja wa Kinyakyusa akaacha kucheka akaingia kucheza peke yake, na kufumba na kufumbua ukumbi wote umesimama. Joto la watu na la pumzi yangu likaanza kuyeyusha samli, kitufe kikaachia, kikaachia kingine, na mimi naongeza sauti kila kimoja kinaponirudia, mpaka nikawa napiga wimbo mzima nimefumba macho, najiona nimekaa katikati ya safu ile ya ukutani. Jamani, sijawahi kufurahi vile.

Tukashinda! Nikaitwa mbele kupokea kikombe, na yule mama akaniuliza kwa huruma kabisa, "Baba, umepatwa na nini hapo?"

Nikajitazama. Samli yote ilikuwa imedondokea suruali yangu nyeupe, mbele, mahali pasipoelezeka.

Kaka Kihwele alicheka mpaka akakaa chini, akasema saksafoni ni yangu, ila samli nimwachie mama. Tangu hapo naifuta kwa kitambaa kikavu, na suruali nyeupe nimeapa sivai tena jukwaani. Picha ya siku ile ninayo bado. Wenzangu wote wameinua mikono juu, na mimi bingwa nimekishikilia kikombe kwa mikono miwili, chini kidogo ya mkanda.