Kaburi Ndani ya Uzio

Yule mzee wa Mlali aliyekuwa akipalilia kaburi la mama yake ndani ya kiwanda ametutoka, na jana tumemzika. Niliwahi kumgusia hapa, nikaishia kusimulia kabichi. Leo nitajitahidi nisipotee njia.

Kiwanda kile, wakati kikiwa cha umma, kilijengwa juu ya shamba la ukoo wa mama yake, na sisi Waluguru ardhi yetu hufuata mama. Enzi hizo mlinzi alikuwa akimwambia mzee tu, "Pita, mjomba," naye anapita na kibuyu chake cha pombe ya tambiko. Ikaja ruhusa ya kuuza viwanda vya umma, akaja mwekezaji, kisha ikatungwa sheria ya maeneo ya kutengeneza vitu vya kuuza nje: ushuru unasamehewa, ila pawe na uzio, na mali iliyomo ihesabiwe kama iko nje ya nchi. Mimi shule iliniacha mapema. Sheria hiyo nilifundishwa langoni na binti wa forodha, siku niliyomsindikiza mzee.

"Babu, pombe haiingii. Humu kwa ushuru ni ng'ambo."

"Mama yangu hata Dar hakufika. Leo mmemfanya mtu wa ng'ambo?"

"Si yeye, babu, ni bidhaa. Wewe pita, kibuyu kibaki."

Mzee akafikiri. Akainua kibuyu, akajaza mdomo, akanikabidhi kibuyu, akaingia. Mbele kidogo mlinzi kijana akamwamkia, "Shikamoo, babu." Kimya. "Shikamoo." Mashavu yamemvimba, macho yanamtoka. "Babu, nimekukosea nini?"

Binti wa forodha akacheka. "Mwache. Sheria haijataja mashavu."

Mzee akafika kaburini, akampulizia mama yake pombe yote, ndipo akamgeukia yule mlinzi: "Marahaba, mwanangu. Nilikuwa na mgeni mdomoni."

Siilaani sheria ile. Wajukuu zangu wameshona mashati humo, na nyumbani tumekula. Lakini iliangalia shati linavyotoka, haikuuliza nani amelala pale.

Mzee alikuwa ameomba alazwe kando ya mama yake. Wenye kiwanda wakakataa. Kiwanda si makaburi, walisema. Tukamzika nje, kichwa kikielekea waya wa uzio. Wapwa zake, maana kwetu mjomba ni wa wapwa, wakajaza midomo, wakapulizia kaburi lake, kisha wakageukia uzio wakapuliza tena. Pombe ikapita kwenye matundu ya waya, ikaenda kwa bibi yao. Binti wa forodha, sasa mtu mzima, alikuwa amesimama upande wa pili. Hakusogea, hadi ilipomrukia kwenye sare.

Anayechora mpaka autembee kwanza kwa miguu, aulize walioko humo, hata wale wasiojibu shikamoo.