Mama ya Mutoto Wangu Analipa Masomo Kule Kisangani, Mimi Nimebaki Peke Yangu Bigo

Admin, hii maneno yangu uiweke kwa page, lakini jina langu ubaki nalo weye peke yako. Niko mwanaume wa miaka 51, mwalimu wa shule ya musingi hapa Bunia, ninakaa mutaa wa Bigo. Sina bibi. Niko na mutoto mumoja tu, musichana, hapa nitamuita Gloire. Najua kuna wale watasema mwanaume hapaswi kuleta machozi yake mbele ya watu. Nimeshindwa kunyamaza.

Mama ya Gloire na mimi tuliachana wakati mutoto alikuwa ndiyo anaanza kusoma. Sitaki kumupakaa mama yake matope hapa. Alirudi kwao Kisangani, akaanza biashara ya vitenge, Mungu akamubariki. Mutoto akabaki kwangu. Nywele yake nilimusuka mimi mwenyewe, vibaya, mpaka mama jirani akanionea huruma akanifundisha. Akishikwa na malaria, nilikuwa ninalala chini pembeni ya kitanda yake. Mama yake hakutuma kitu, na mimi sikumuomba. Hivyo tuliishi.

Gloire akapata diplome ya sekondari, tena na pointi nzuri. Siku ile majirani walimumwangia poda kichwani, ndiyo furaha ya hapa kwetu, tukacheza naye barabarani mpaka tukachoka. Alitaka udaktari tangu utoto. Watu walipoondoka, nikakaa kwenye kiti nikashika kichwa. Mushahara ya mwalimu munaijua. Dada yangu mukubwa akaniambia: "Pigia mama yake. Huyu mutoto hukumuzaa peke yako."

Nikapiga. Sauti ilikuwa ileile.

"Papa Gloire! Leo ndiyo umenikumbuka?"

Nikamuelezea habari ya masomo. Akaanza: "Mara ngapi nilituma nguo na mama yako akazirudisha? Mara ngapi nilipiga simu munasema mutoto amelala? Sasa anaingia univ, ndiyo niko tena mama?"

Ile habari ya nguo sikuijua. Mama yangu, aliyekuwa anabaki na mutoto nikienda shuleni, alishakufa, siwezi tena kumuuliza. Nikasema, "Sitaki ugomvi. Nitatafuta nusu, weye toa nusu."

"Nusu sitaki. Nitalipa yote. Lakini atasomea huku, atakaa kwangu. Hata mimi nataka kumuona mutoto wangu akiamka asubuhi."

Nilikasirika, nikakata simu. Ndugu zangu wamoja wakasema nimupeleke kwa tribunal, mahakamani, sheria inamulazimisha atoe bila masharti. Wengine walicheka: "Mwanaume anaomba pension, pesa ya kulea mutoto, kwa mwanamuke?" Maneno ikafika mpaka shuleni. Nikiingia chumba ya walimu, watu wanabadilisha mazungumuzo. Na wakati ya kujiandikisha ilikuwa inapita.

Nilimuita Gloire nikamuambia yote. Hakuuliza habari ya nyumba ya mama yake wala ya Kisangani. Aliuliza tu: "Papa, nikienda utabaki na nani?"

Nikamujibu: "Nitabaki na watoto wa shule. Mimi siwezi kukosa watoto."

Tukacheka wote wawili. Kesho yake nikamupigia mama yake, nikakubali masharti yake. Siku ya safari nilimubebea valizi mpaka kwenye gari. Walipofika Irumu, hapo njiani, alinipigia: "Papa, umekula?" Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Ndugu zangu, sikujua nyumba inaweza kunyamaza hivi. Sokoni ninanunua sombe, majani ya muhogo, ya watu wawili, inaharibika. Ninasahihisha makayé, yale madaftari ya wanafunzi, nikipata jibu ya kuchekesha ninaisoma kwa sauti, kisha ninakumbuka hakuna mutu wa kucheka. Mwanzoni Gloire alinipigia kila jioni. Kisha simu ikapungua. Nyuma yake ninasikia watu wanaongea, wanacheka, kisha anasema, "Ngoja, Papa, mama ananiita." Akiaga, siku hizi anasema "tikala malamu," ni kusema ubaki salama, kwa Lingala ya huko. Siyo neno mubaya. Lakini mimi sikumufundisha.

Nilikuwa ninangojea vakansi, univ ifungwe aje nyumbani. Chumba yake nilipaka rangi, nikaweka na pazia mupya. Basi mama yake akanipigia.

"Gloire hatakuja huko. Barabara siyo salama. Na akifika mutanizuilia mutoto kama zamani. Akipanda gari, mimi ninaacha kulipa."

Tulibishana mpaka credit ikaisha. Jumapili, nikitoka kanisani, Gloire mwenyewe akapiga. Alikuwa analia.

"Papa, mama ameniambia nichague. Weye sema tu neno moja. Ukisema nikuje, ninakuja."

Nilisimama palepale barabarani, watu wananipita na Biblia zao. Niliwaza ile miaka yote ya masomo bado mbele yake. Nikasema, "Baki. Usome."

Kisha akasema polepole, "Sawa, Papa. Nilifikiri utasema nikuje." Akakata.

Tangu siku ile, nikipiga hapokei. Ananiandikia tu message: "Niko muzima, Papa, niko na mitihani." Dada yangu anasema nilifanya vizuri, mutoto atanielewa akishazaa. Lakini mimi ninamujua mutoto wangu. Anaamini nimezoea kukaa bila yeye.

Nikimuambia ukweli, kwamba nilitaka aje hata kwa siku moja, ataacha masomo apande gari kesho yake. Nikinyamaza, atakuwa daktari mwenye kuamini baba yake alimuachilia ili mama alipe. Nimewaza pia kumupigia mama yake, nimuombe radhi kwa yale mama yangu alimutendea, lakini ninaogopa atasema ninatafuta tena makuta, pesa yake.

Mulio na watoto mbali, na zaidi mulio wamama, munisaidie mawazo bila kunicheka. Nimupigie nani kwanza, na nimuambie nini?