Chai ya Kupalilia Wimbi

Wokovu wa nyanya yangu ulitugharimu shamba zima la wimbi. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, ya pili nikiwa na huruma, na jibu halikubadilika.

Jumapili iliyopita nilitoka Kitale, ambako nauza maharagwe, nikaenda Bungoma kwenye kanisa lake la zamani. Wakanipa chai ya maziwa yenye moshi wa kuni, na funda la kwanza likanirudisha nyumbani kwake, enzi za mkoloni, nikiwa msichana mdogo.

Nyanya alikuwa mjane. Alichuma pareto ya mzungu huko Kitale miaka mingi, kisha akarudi Bungoma kulima chake. Asubuhi aliimba nyimbo za kanisa akisaga, jioni akaomba huku akiniosha miguu. Shida yake ilikuwa moja: akisikia jambo kanisani, alilitenda. Mzee wa kanisa alipohubiri kwamba Mkristo hapiki busaa, wote waliitikia amina. Nyanya akabeba nyungu yake ya pombe, akaipasua mlangoni pa kanisa. Nyungu nzuri, haina hata ufa. Wengine zao walizisahau nyumbani.

Sasa wimbi unalijua: usipolipalilia mapema, magugu yanalimeza. Na kwetu watu walipaliliana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, mwenye shamba akitoa busaa. Zamu ya nyanya ilipofika, majirani walijaa uani na vijembe vyao. Wakakuta birika na mahindi ya kuchemsha.

"Mama, hii ni nini?" jirani mmoja akauliza.

"Chai. Ina maziwa."

"Si tunaona. Tunauliza ile ingine."

"Ile ingine ilivunjika kanisani, mkiangalia."

"Basi mwite aliyekuambia uvunje, akupalilie."

Wakaenda zao, huyo muulizaji akiwa amejaza mahindi mifukoni. Nikahesabu waliobaki. Nikahesabu tena: nyanya na mimi.

Mzee wa kanisa hakufika; alituma salamu, ati anatuombea. Zamu yake ilipokuja, shamba lake liliisha kabla jua halijawa kali, kwa sababu busaa ilikuwa kwa ndugu yake asiyebatizwa, ng'ambo ya ua. Yeye hakupika. Alionyesha watu njia tu. Nyanya alikwenda kumpalilia, akanywa maji, akarudi kung'oa magugu yetu akiimba. Magugu hayakujali wimbo. Tulivuna vikapu viwili, na mwaka huo tukala mihogo mpaka nikachukia harufu yake. Nilipomwuliza kwa nini asipike mara moja tu, alisema, "Nyungu nilishampa Mungu. Nitamwambia anirudishie?"

Jengo la udongo la enzi zile halipo tena, kanisa sasa ni la mawe, na wimbi hakuna anayelipanda. Ni mahindi hadi barabarani. Ila mwana wa yule mzee yupo, na uzee wa kanisa amerithi. Anataka nishuhudie siku ya kuwakumbuka akina mama wa kwanza wa kanisa, na la kusema ameshanipa: jinsi wazee walivyosimama na nyanya. Walisimama, ndiyo. Kuinama ndiko kulikowashinda.

Wewe tumejuana siku nyingi, nishauri. Niitikie amina kama wao, au niende na kijembe cha nyanya, nimuulize mbele ya watu ni lini nyumba yao italipa ile siku moja ya kupalilia? Shamba la nyanya bado liko, na mvua imeanza.