Mapigo Themanini

Nguruwe wa mama alinusurika kwa sababu mimi nilifeli. Nalisema hili mapema kwa kuwa kwetu Mjimwema bado wapo watu wanaolikumbushia wakiniona napita na gauni langu jeupe, na afadhali niwahi kujicheka mwenyewe.

Nguruwe yule alifugwa kwa ajili ya mahafali yangu. Mama alikuwa mjane mwenye shamba la mahindi, na tangu nilipoingia chuo cha uuguzi hakuwa na mazungumzo mengine. Kila nikirudi likizo alinipeleka bandani kwanza, hata begi sijatua, nikaone uuguzi wangu ulivyonenepa. Alikuwa pia amenunua doti ya khanga iliyoandikwa "Hongera mwanangu", akaiweka sandukuni bila kuikata. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka ile. Maduka ya Songea, yaliyokuwa matupu nilipokuwa mdogo, yalijaa khanga, redio na sabuni za kila rangi, na sokoni walimwaga saa za plastiki chini kwenye turubai kama dagaa. Saa yangu ilitoka kwenye turubai hilo.

Sasa, saa ya nesi si pambo. Lazima iwe na mshale wa sekunde, maana mapigo ya mgonjwa unayahesabu umemshika kifundo cha mkono huku macho yako yako kwenye mshale, dakika nzima. Yangu ilikuwa na tabia ya kusimama ikijisikia. Sista aliyekuwa mkufunzi wetu alikwisha kuniambia mara mbili nitafute nyingine. Lakini mimi nilikuwa na kiburi cha ajabu. Jambo nikiambiwa mara mbili ndipo silifanyi kabisa.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo saa ilisimama na haikuamka tena. Nilikuwa na rafiki, msichana wa Kiyao, Mwislamu, kutoka Nalasi upande wa Tunduru, tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini miaka yote ya chuo. Yeye alikwisha kumaliza mtihani wake na saa yake ilikuwa mkononi, haina kazi. Nikaona haya kuazima. Nilipangiwa bibi mmoja wa vijiji vya upande wa Hanga, mgonjwa wa nimonia. Nikamshika mkono, nikaikodolea macho saa iliyokufa kwa muda nilioona unatosha, nikaandika kwenye chati: themanini. Themanini ni namba nzuri, haimtishi mtu.

Sista alisoma chati, akanyoosha kiganja nimpe saa. Akaniambia nimsomee ni saa ngapi. Ilisema saa moja kasoro, na jua lililoingia dirishani lilikuwa la saa nne. Akamshika yule bibi mkono yeye mwenyewe, akahesabu dakika nzima, nami nimesimama pembeni nikiitazama miguu yangu.

"Mia moja ishirini na sita," alisema. "Hiyo themanini umeitoa wapi?"

Akaniambia taratibu, bila kugomba, kwamba daktari angeisoma themanini yangu, akaridhika, akapita kwenda kitanda kingine. Nikapewa miezi sita, kisha nirudie mtihani. Darasa zima lilifaulu isipokuwa mimi.

Mahafali yalikuwa Jumamosi. Alhamisi nilipanda basi kwenda nyumbani kumwambia mama avunje sherehe. Nilitegemea atalia, au atanigombeza kwa Kingoni, maana Kingoni alikitunza kwa ajili ya hasira. Alikuwa anapepeta mahindi. Aliniacha nimalize yote, na habari ya saa pia, kisha akauliza swali moja tu: yule bibi anaendeleaje?

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimeshinda siku tano nikijililia mwenyewe, na mlango wa wodi ile niliupita kwa mbali kama mwenye deni. Mama akarudi kwenye ungo wake. Baada ya muda akauliza wazazi wa rafiki yangu wanafika lini. Nikamweleza kwamba hawafiki. Mvua zimeikata barabara ya Tunduru, na lori walilopanda limezama kwenye matope. Alikuwa akiwajua kwa korosho tu, ambazo rafiki yangu humletea kila akitoka kwao.

"Basi sherehe ipo," mama alisema. "Nguruwe ndiye hayupo."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona anakwenda kwa jirani yetu Mwislamu. Wakapatana juu ya mbuzi, jirani akakubali kumchinja mwenyewe. Sufuria zetu, zilizokuwa zimezoea kitimoto, mama alizirundika uvunguni akaazima za kwa jirani. Pombe aliyokwisha kuianza akaihamishia nyumba ya shangazi, akakoroga togwa. Mimi nilikuwa nanuna tu. Nilifika nimebeba msiba, na mwenye nyumba anakuna nazi.

Jumamosi asubuhi nilimpigia rafiki yangu pasi ya mkaa kwenye gauni lake la mahafali, mkunjo kwa mkunjo, kisha nikaenda kusimama nyuma kabisa ya ukumbi. Nilimwonea wivu, sitadanganya tena. Walipowasha mishumaa na kuanza kiapo, nilishtuka kukuta midomo yangu inakwenda pamoja nao.

Alasiri tukawa nyumbani Mjimwema. Wageni walikuja kwa ajili yangu, jumuiya nzima, na kila aliyeingia alinikumbatia kwa vigelegele nikakosa pa kuutia uso. Mama akasimama mbele yao.

"Niliwaita mje kumpongeza mwanangu," alisema. "Mwanangu alikosea, atarudia mtihani. Huyu hapa ni mwenzake. Amefaulu, na wazazi wake wamekwama na mvua. Leo mama yake ni mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakunitazama. Alimpongeza binti wa watu kama aliyemzaa, akamwambia mengi, kwamba asiwafokee wanawake wenye uchungu wa kuzaa kwa kuwa kelele zao hazimtukani mtu, kwamba kwao watamwita daktari na asivimbe kichwa, na kwamba akikuta mzee kitandani sindano isitangulie shikamoo. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kisha akaleta doti ya khanga na mkasi, akaikata katikati mbele ya wote. Kipande kimoja akamfunga rafiki yangu kiunoni, naye akalia hadi akashindwa kushukuru. Cha pili akakikunja, akapita nacho mbele yangu, akakirudisha sandukuni. Nilichukia. Nampenda mama yangu kuliko mtu yeyote, na siku ile nilichukia kwelikweli.

Jumatatu aliniamsha alfajiri. Mezani palikuwa na chupa ya chai, ndani yake uji wa ulezi. Akasema nimpelekee yule bibi, na nikirudi nije na habari zake. Njiani nilifikiria kuumwaga, nirudi na habari nitakazozitunga. Hapo nikaona jinsi themanini inavyozaa, nikaogopa.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kaniki, homa imeshuka. Nikampigia magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyenipa themanini?"

Kumbe alisikia yote. Nikaanza kulia, yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Akanywa uji wote. Alipomaliza akajifuta mdomo, akaulaza mkono wake juu ya blanketi, kiganja juu.

"Haya, hesabu. Mimi siendi popote."

Nilihesabu kwa saa ya ukutani, dakika nzima. Yalikuwa tisini na mbili. Nikamwambia, akaitikia kwa kichwa kama aliyekwisha kujua. Nilirudi kila siku mpaka aliporuhusiwa, na kila siku mkono ulikuwa tayari.

Miezi sita ikapita. Rafiki yangu aliniandikia kutoka Nalasi kwamba wanamwita daktari, na kwamba kile kipande cha khanga alikwisha kupokelea watoto wawili zahanati ilipoishiwa mashuka. Mimi nikanunua saa nyingine, safari hii dukani, nikarudia mtihani na nikafaulu. Hapakuwa na mishumaa. Kiapo nilikisoma ofisini kwa sista, wawili tu.

Basi la asubuhi lilinikimbia, nikafika nyumbani alasiri. Hapakuwa na wageni wala turubai. Nguruwe aliguna bandani, sasa ana ukubwa wa aibu. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Hakuisoma. Aliiweka pajani, akanyoosha mkono wake, kiganja juu.

Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika kifundo. Ngozi yake ilikuwa ngumu kwa jembe, na mshipa niliupata mara moja. Nikatazama mshale ukizunguka mpaka mwisho.

"Ngapi?"

"Mia na nane, mama."

"Una hakika siyo themanini?"

"Mia na nane. Moyo unakwenda mbio."

"Unakwenda mbio tangu lile basi la asubuhi lilipopita bila wewe," alisema.

Akainuka, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku. Alirudi na kile kipande, kinanuka dawa ya nondo na korosho za Nalasi, akanifunga mwenyewe kiunoni, akakaza fundo mara mbili kama nilipokuwa mtoto. Ndipo aliponiambia kwa mdomo wake, polepole, maneno yale yaliyoandikwa kwenye nguo.