Nyuki Waliohamia Mparachichi Wangu

Mwaka ule ambao redio ilizungumzia Katiba mpya kuanzia asubuhi hadi jioni, kundi la nyuki lilihama kwa jirani yangu hapa Kitahana likaingia katika mzinga wangu. Nilikuwa nimeutundika kwenye mparachichi ulio nyuma ya nyumba, ukakaa mtupu muda mrefu hata mke wangu akawa anauita kanisa lisilo na waumini. Basi waumini walipofika nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Ingekuwa busara kumshukuru kimyakimya, kwa sababu jirani alisikia.

Alikuja Jumapili asubuhi baada ya ibada, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta pole ya msiba.

“Mwakeye, Katekista,” akanisalimu kwa Kiha. “Nyuki wangu hawakusumbui?”

“Nyuki wako wapi?”

“Hao walio juu ya mparachichi.”

“Umejuaje kuwa ni wako?”

“Niliwaona wakitoka kwangu. Wewe ukimkuta mbuzi wako katika zizi la mtu, huwa unamuuliza jina?”

Nilimwambia kwamba mbuzi hufungwa kamba, na kwamba sijamwona mtu aliyefunga nyuki kamba. Akacheka, lakini hakuondoka. Ndipo alipokaa na kusema lililomleta.

Mwanawe wa mwisho alikuwa amechumbia Kasulu. Kwetu baba wa kijana hupeleka chungu cha asali kwa wakwe, na mzee wa upande wa pili huuliza mbele ya watu wote: asali hii ni ya mzinga wa nani? Baba hana budi kujibu. Jirani yangu alikuwa amechunguza mizinga yake yote msimu ule. Mmoja ulikuwa umeliwa na siafu, mingine ilikuwa mikavu, na nyuki wa ule mmoja wenye uhai ndio waliokuwa wamehamia kwangu.

“Mbona ni jambo dogo,” nikamwambia. “Nitarina, nitakujazia chungu.”

“Sitaki unipe.”

“Unataka nini?”

“Nataka useme ni yangu. Nikiulizwa kule Kasulu nitajibu nini? Kwamba mwanangu anaoa kwa asali ya kuomba kwa katekista?”

Hapo nilikwama. Asali ningempa yote kwa moyo mweupe, ila kusema neno nisiloliamini kulinishinda, na yeye alilijua hilo. Akamgeukia mke wangu: “Shemeji, huyu mume wako anaogopa uongo kuliko anavyoogopa nyuki.”

Tukamwita mwalimu wa somo la uraia, kijana kutoka Tanga aliyepanga chumba jirani na kulima alizeti bondeni. Alituambia kwa upole, kama anavyowaambia wanafunzi wake, kwamba Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali.

“Imetaja nyuki?” jirani akauliza.

“Haikuwataja, mzee wangu.”

“Basi walikimbilia porini wakati inaandikwa.”

Mwalimu akasema huenda mwenye haki ni yule aliyeifanyia kazi mali hiyo. Sasa hilo ndilo lililoharibu kabisa. Gogo la mzinga lilitoka katika shamba langu, lakini aliyelichonga ni jirani, kwa ujirani tu, na nta aliyoipaka ndani ili kuwavuta nyuki ilitoka kwenye masega yake. Mti ni wangu. Nyuki, akasema, ni wake tangu zamani. Mwalimu naye akakumbuka kwamba chakula chao chote ni maua ya alizeti yake. Mke wangu, ambaye nyuki hao walikuwa wamemuuma jicho la kushoto likavimba na kufumba kabisa, akasema yeye peke yake ndiye aliyelipia kwa mwili wake, kwa hiyo mzinga ni wake, na sisi wote twende zetu.

Nimewafundisha watoto amri ya kutoiba kwa miaka mingi. Huwa ni somo fupi. Wote huitikia, tunaendelea. Nimewafundisha pia kwamba vyote ni vya Mungu. Siku ile, nikimtazama jirani akizungusha kofia yake mikononi, niliona kwa nini Mungu, mwenye vyote, hutuachia tuite baadhi ya vitu vyetu. Mtu asiye na chake hana cha kutoa. Rafiki yangu hakuwa na uchu wa asali. Alitaka kusimama Kasulu akiwa mtoaji.

“Sikupi asali,” nikamwambia, “wala sisemi nyuki walikuwa wako. Tubadilishane. Chukua mzinga wote, na nyuki wake. Nipe jogoo wako yule mwekundu.”

Alifikiri. Jogoo yule alikuwa akichakura mtama wa mke wangu kila msimu kana kwamba ameupanda yeye.

“Ni jogoo mzuri,” akasema.

“Na huu ni mzinga mzuri.”

Tukapeana mikono mbele ya mwalimu. Jioni moja baadaye jirani alipanda mparachichi na moshi wake, akarina, na kabla ya kuondoka akaniachia sega moja kwa sababu mti ni wangu, na lingine kwa ajili ya jicho la mke wangu. Kasulu aliulizwa, akajibu kwa kifua mbele. Wakwe wakaonja wakasema ni asali ya alizeti, naye akasema ndiyo, nyuki wake wanapenda alizeti.

Jogoo hakukubali mapatano. Kila jua lilipozama alirudi kulala kwao. Na kila asubuhi jirani alimleta akiwa amembana kwapani, huku anatabasamu.

“Katekista, mali yako imelala kwangu tena.”

“Umejuaje kuwa ni yangu?” nilikuwa namuuliza.

“Tulipeana mikono,” anajibu, na kumweka chini, katikati ya mtama.