Karavani ya Papa Ruben na Swali Nililoona Haya Kuliuliza

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka mpaka leo nashika kichwa. Ni siku nilipomharibia mama yangu mzazi chanjo ya ng'ombe wake, kwa kuwa nilikuwa na heshima nyingi na maswali machache. Kaa vizuri nikusimulie, na usinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nyumbani kwetu ni Misiera, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, sisi watu wa Kivu ya Kusini kule Kongo, lakini kazi niliifanya Mbarara, upande wa Kakiika, kwenye gereji ya Mzee Kamugisha. Alikuwa Munyankore, mwenyeji wa Mbarara, mpole wa sauti na mkali wa macho. Msichana fundi wa umeme wa magari, hebu fikiria. Watu walipita pale kuniangalia tu. Nami kichwa kilivimba, sikufichi.

Kanisa letu lilikuwa na karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Ndani mlikuwa na vitanda viwili, taa na friji ndogo. Aliyeitunza ni mzee wa kanisa, Papa Ruben, papa kwetu ndiyo baba, na daktari wa mifugo aliiazima kila alipokwenda kulala kwa wafugaji wa mbali, chanjo zikiwa ndani ya friji. Friji ilitumia batri iliyokaa chini ya kitanda, na batri hiyo ilijazwa na gari likiwa linatembea. Mwaka mzima haikusumbua. Halafu ikaanza kuzima njiani, na Papa Ruben akaileta kwetu gereji.

Mwaka ule ugonjwa wa mapele ulikuwa umeingia kwa ng'ombe wa upande wa Ngarama, jirani na kambi. Ng'ombe watatu wa mama walichungwa huko huko, na maziwa yao ndiyo yaliyowalea wadogo zangu. Chanjo ile haivumilii joto. Ikipata joto, afadhali umdunge ng'ombe maji ya kisima. Kwa hiyo karavani ile niliishika kama mali ya nyumbani kwetu.

Sasa sikia nilivyofanya. Niliwasha gari, nikaweka mita kwenye plagi ya nyuma ya gari, nikaona volti kumi na nne. Nikasema gari zima. Nikaangalia taa za karavani, zinawaka. Nikasema waya nzima. Basi mgonjwa ni batri! Kwetu, mtoto hamhoji mzee kama polisi, tena mtoto mwenyewe msichana. Niliinama, nikamuuliza Papa Ruben neno moja tu: "Papa, vingine vyote viko sawa?" Akajibu, "Viko sawa, binti yangu." Nikafunga batri mpya, nikamuaga kwa mikono miwili.

Batri mpya ilikuja imejaa, kwa hiyo siku ya kwanza friji ilipoza vizuri. Siku ya pili, huko Ngarama, ikazima. Daktari alipofungua friji na kutazama kipimajoto, alitikisa kichwa, akaimwaga chanjo yote shimoni mbele ya wafugaji waliokuwa wamekusanya ng'ombe tangu alfajiri. Mama alikuwepo. Jioni aliponisimulia kwa simu hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Daktari alisema atapata chanjo mara moja tu nyingine, juma linalofuata. Ikiharibika na hiyo, hana nyingine. Na katika juma hilo la kungoja, ng'ombe mmoja wa mama, yule mwekundu, akatoka mapele mwili mzima, akafa.

Karavani iliporudi gereji, unajua nilifanya nini? Nilikwenda kuchukua batri nyingine. Naam, mimi huyu unayeniita fundi mkubwa. Mzee Kamugisha akanitazama, akaweka chai yake chini.

"Wewe, batri ya kwanza ilikukosea nini?"

Nikasema ni mbovu. Akasema, "Na hii ya pili? Pia mbovu? Wewe umeuliza huyu mzee hii kitu ilianza kuharibika lini? Alikuwa amefanya nini juu yake?"

Nikanong'ona kwamba kwetu hatuwaulizi wazee hivyo. Mzee Kamugisha hakupaza sauti. Alisema, "Ng'ombe ya mama yako imekufa juu ya haya yako. Enda uliza."

Mwanangu, maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nilitoka nje, Papa Ruben alikokuwa akingoja kando ya karavani, nikapiga goti, machozi yako karibu. "Papa Ruben, munisamehe, nawauliza kama mutoto. Batri ilianza kuzima tangu lini? Na mbele ya pale mulifanya nini kwa hii karavani?"

Papa Ruben akafurahi, si kukasirika! "Kumbe hamujui? Ni kisha Pasaka. Nilipaka rangi mimi mwenyewe, yote, mpaka fasi za chini. Nilifungua bulon moja moja, nikapaka, nikafunga tena. Hakuna mutu aliniuliza."

Mzee Kamugisha, aliyekuwa amenifuata nje, akacheka mpaka akashika gari. Umeme, mwanangu, huenda na hurudi. Kwenye karavani ile ulikwenda kwa waya mnene, lakini ulirudi kwa chuma cha karavani chenyewe, kupitia bolti moja ya mbele, moja ya zile bulon zake, na sasa bolti hiyo ilikuwa imekazwa juu ya rangi nzito. Umeme kidogo wa taa ulipenya, ule mwingi wa kujaza batri ukakwama. Mzee aliniambia nipime kwenye batri yenyewe, gari likiwa linaunguruma: volti kumi na mbili tu, si zile kumi na nne za kwenye gari. Kisha akachukua waya mnene, akaunganisha hasi ya gari na hasi ya batri moja kwa moja, na mita ikapanda papo hapo, ikapita kumi na tatu.

Aliyekwangua rangi ni Papa Ruben mwenyewe. Alininyang'anya msasa, akasugua rangi yake nzuri ya buluu hadi chuma kikang'aa. Mimi nikaongeza waya wa kurudishia umeme, mnene kama ule wa kwenda, ili tusitegemee chuma tena. Juma la chanjo ya pili, friji haikuzima siku zote tatu za safari. Ng'ombe wawili wa mama walidungwa, wakapona, na wengine wengi pamoja nao. Na Jumapili Papa Ruben alisimama kanisani akasema kosa lilikuwa la rangi yake. Hakuna aliyemlazimisha. Namshukuru mpaka leo, yeye na yule Munyankore aliyenikemea badala ya kunifukuza.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hawawezi kujibu usichowauliza. Kwa hiyo shika haya. Usinunue kipya kabla ya kujua cha zamani kilikosa nini. Usiamini taa inayowaka. Pima kule mwisho, mzigo ukiwa unafanya kazi, halafu pima mwanzo, ulinganishe. Na kabla ya kugusa mita, piga goti ukitaka, inama ukitaka, lakini uliza: ilianza lini, na nani aliigusa kabla ya hapo? Mficha uchi hazai, na fundi mwenye haya hula nyama ya ng'ombe wa mama yake.

Mungu akubarikie mikono yako na macho yako, mwanangu. Akupe kazi isiyokwisha na nyumba yenye maziwa. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akuweke karibu na mtu atakayekukemea mapema, wakati bado wako ng'ombe wawili wa kuokoa.