Nyuki wa Mlango wa Nyuma

Kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilishuka chenyewe nikiwa napanda mlimani kwa baba, Kirua Vunjo. Kilitoa mlio kama mfupa unaovunjika, kikazama ndani ya mlango, na nilipobonyeza swichi kikakataa kupanda. Pikapu yangu ya milango minne ilikuwa mpya kabisa. Viti vilikuwa bado vimevaa nailoni za kiwandani, nami nilikuwa sijaizoea hata harufu yake.

Wakala aliyeniuzia alisema mashine ya kupandishia kioo lazima iagizwe, nisubiri. Nikaziba dirisha kwa nailoni upande wa ndani, nikaliegesha gari nyumbani kwa baba, pembeni ya migomba, nikarudi kwenye shughuli zangu za kupeleka ndizi Chekereni kwa gari la kukodi. Mvua zikanyesha, zikakatika. Kifaa kilipofika, nilikichukua, nikapanda kwa baba kufuata gari, nikateremka nalo hadi kwa fundi mmoja wa Majengo, kule mjini, ninayemwamini.

Njiani nilisikia mngurumo mlangoni. Nikajiambia ni mota imeharibika zaidi.

Fundi aliinama, akaweka sikio kwenye bati.

"Dada, zima gari kwanza."

"Nimezima."

Akanitazama. Akasikiliza tena, safari hii akiwa amefumba macho, kisha akarudi nyuma taratibu kama mtu aliyekanyaga kitu kilicholala.

"Hii si mota," akasema. "Humu kuna nyuki."

Pale Majengo nyumba zimebanana, watu wamejaa barazani. Kufungua mlango ule mahali pale kungekuwa wazimu. Nikampigia baba, ambaye amefuga nyuki kwenye mizinga ya magogo tangu sijazaliwa. Alicheka.

"Mwanangu, usiwapulizie dawa. Niletee hukuhuku."

Fundi angeweza kuniacha nirudi peke yangu. Lakini alitia bisibisi zake mfukoni, akapanda kiti cha mbele. Tulipanda mlima polepole, tukiongea kwa sauti ndogo bila kujua kwa nini.

"Shikamoo, mzee," fundi akasalimia tulipofika.

"Marahaba. Karibu kihambani, hapa kwenye migomba yetu. Unaogopa?"

"Naogopa, mzee."

"Vizuri. Asiyeogopa huwa na haraka."

Baba alimvika wavu wa kichwani, nami akanipa mwingine. Akawasha majani makavu ya mgomba, akapuliza moshi kidogo kwenye ufa wa dirisha huku akiwasemesha nyuki kwa Kichagga, kwa upole anaoutumia kwa wakwe. Fundi akalegeza skrubu moja baada ya nyingine, akaivuta kava ya mlango.



Masega yalikuwa meupe, mapya, yamening'inia kutoka kwenye chuma cha juu na kufuata mkunjo wa mlango kana kwamba mlango umetengenezwa kwa ajili yake. Nyaya za umeme zilipita katikati, na nyuki walikuwa wameziachia njia, upana wa nyuki wawili wanaopishana. Mota waliizunguka pande zote. Na juu ya kila kitu, nyuki wenyewe, wameshikana miguu kama shela inayopumua. Nilikuwa nimeegesha gari tu, nikaondoka, na nyuma yangu ulikuwa umejengwa mji mzima.

Fundi alinong'ona, "Nani amewachorea ramani?"

Baba alikata masega kwa kisu, akayafunga kwa kamba za mgomba ndani ya mzinga mtupu aliouweka chini kwenye shuka jeupe. Kisha akaona alichokuwa anakitafuta: malkia, mrefu, akikimbia ukingoni mwa bati. Akamkinga kwa kiganja, akamwingiza mzingani.

Ndipo wakaanza kutembea. Hawakuruka. Walishuka mlangoni, wakapita juu ya shuka kwa miguu, maelfu, kama maji yanayotafuta mfereji, na wachache wakasimama mlangoni pa mzinga, mikia juu, wakipepea mabawa kuwaita wengine. Baba amefanya kazi hii miaka yote, lakini nilimwona ameshika kofia mkononi, midomo wazi.

Mlango ulipobaki mtupu, fundi alifuta nta, akatoa mashine ya zamani. Waya wake ulikuwa umekatika kwenye kapi. Akafunga mpya, akanipa ishara. Nikabonyeza, na kioo kikapanda kimya, kikakaa mahali pake.

Baba akaomba abonyeze na yeye. Akakishusha, akakipandisha, akakishusha.

Mzinga ule sasa umetundikwa kwenye mti wa mringaringa nyuma ya jiko. Fundi akinipigia simu haulizi habari za gari. Juzi aliuliza kama anaweza kuja Jumapili na mke wake, awaangalie nyuki tu. Nikamwambia waje asubuhi, jua likishapasha mzinga joto, nyuki wakianza kutoka.